Maji ya Kwa Donatus

Serafina alikuwa mpiga chapa wa mradi wa visima mjini Shinyanga, na kwa miaka minne watu wa ofisi ile waliujua mgongo wake kuliko sauti yake. Mchana, wenzake walipokwenda kula ugali kwa Mama Tabu, yeye alibaki akisoma chochote chenye herufi: gazeti la juzi, karatasi iliyofungiwa sukari, na mwishowe kitabu kinene cha kompyuta.

Kompyuta yenyewe iliachwa na mtaalamu wa kigeni, pamoja na programu ya kubonyeza namba tu: moja kuingiza, mbili kutafuta. Serafina aliingiza humo taarifa za pampu zote za mkoa, elfu moja na mia mbili na ushee: mahali, wilaya, nzima au mbovu. Kisha disketi ya programu ikaota ukungu. Tangu hapo mtambo ukiwashwa ulionyesha herufi A na kimshale, basi, ukatulia kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

"Umekufa," alisema Bwana Pantaleo, mkuu wa ofisi, akaufunika kwa kitambaa cha meza.

Hiyo ilikuwa Oktoba 1987. Alhamisi lori lilipaswa kwenda upande wa Kahama mpaka Ushirombo na vipuri vya pampu, safari ya mwisho kabla mvua hazijaifanya mbuga kuwa matope. Kijiji ambacho hakingekuwa kwenye orodha kingengoja mpaka Juni. Na orodha ilikuwa kwenye disketi nyingine ndani ya mtambo, kwa maana karatasi zilizoletwa na watunza pampu zilikwishaliwa na mchwa.

Serafina alikuwa na sababu yake ya kukosa usingizi. Mama yake, Esta, aliyekaa karibu na Ushirombo, alimwandikia barua mwezi wa saba kwa mkono wa katekista: mpini wa pampu unapanda na kushuka bure, tunakunywa dimbwi moja na ng'ombe.

Jumatano asubuhi akakiondoa kitambaa. Kitabu kilisema kimshale kile kilikuwa kinangoja amri tu. Ukiandika FIND na neno, mtambo unachambua mistari yenye neno hilo. Ukiandika SORT, unaipanga kwa alfabeti. Na ukiweka kijistari cha wima katikati, kinachotoka kwenye amri ya kwanza kinamiminika katika ya pili. Serafina alisoma mara mbili, akacheka peke yake. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi nyumbani: shangazi anatwanga, mama anapeta, yeye anachekecha, na hakuna anayeinuka kuuliza nani anafuata.

Akaandika: mbovu, halafu za wilaya ya Kahama, halafu zipangwe. Printa ikapiga kelele, ikatoa pampu arobaini na moja.

Nassibu, dereva, alichungulia dirishani. "Dada Serafina, umefufua maiti?"

"Haikuwa maiti, kaka. Ilikuwa haijaulizwa."

"Ajabu!" alisema Mzee Maduhu, msimamizi wa mafundi, Msukuma aliyechimba nusu ya visima vya mkoa na mtani wa Wasumbwa, kabila la kina Serafina. "Nilidhani Wasumbwa mnajua kufukuza nyani kwenye mihogo tu."

"Shikamoo, Mzee Maduhu."

"Marahaba. Usiniamkie ili nisikutanie."

Asubuhi ya Alhamisi lori likapakiwa. Serafina akaipitia orodha kwa mara ya mwisho, kidole juu ya kila mstari. Kijiji cha mama yake hakikuwamo.

"Si ukiongeze kwa kalamu?" alisema Bwana Pantaleo. "Gari liondoke."

Mkono wa Serafina ulikwisha kuishika kalamu. Lakini ikiwa kijiji chao kimeanguka kwenye orodha, vingapi vingine vimeanguka ambavyo havina binti ofisini? Akamkumbuka Esta na ungo wake. Hakuwahi kuwamwagia kuku pumba bila kwanza kuzipapasa kwa vidole, na kila mara alipata punje.

"Naomba nusu saa," alisema, kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe.

Kitabuni palikuwa na alama ndogo ya kuigeuza FIND, itoe mistari *isiyo* na neno. Akaandika: mbovu, ondoa Kahama, ondoa Shinyanga, ondoa Maswa, akaendelea hivyo mpaka wilaya zote zikaisha. Disketi ikakoroma. Nassibu akapiga honi. Ikakoroma tena. Kisha kwenye kioo ikatokea mistari tisa.

Kwa Maige. Kwa Masele penye ukwaju. Penye jina la wilaya, hapana kitu.

Mzee Maduhu aliitwa, akaivaa miwani yake yenye uzi. "Haya ni mahame," alisema. "Watu walihamishiwa vijijini mwaka sabini na nne, lakini maji tuliyapata kule kwenye miji yao ya zamani, kila mji wa familia moja. Mtunza pampu anaandika jina la mwenye mji. Wilaya ya nini? Kwa Maige ni kwa Maige." Akaanza kuvitaja visima kimoja kimoja. Sita vilikuwa kwenye njia ya lori. Alipofika cha mwisho alivua kofia.

"Kwa Donatus. Hiki nilichimba mwaka sabini na tisa. Mwenyewe alikwisha kufariki. Mjane wake alitulisha michembe ya viazi vitamu siku nne, akisema binti yake yuko shule ya bweni Tabora." Akamtazama Serafina. "Esta."

Serafina mwenyewe ndiye aliyeuchapa mstari ule. Alilichapa jina la baba yake, akapita. Nyumbani walisema kisimani tu. Hakujua kuwa kwa wengine pale bado ni mji wa baba.

"Wabeja, Mzee," alisema. Ahsante, kwa Kisukuma.

"Msumbwa kashukuru!" Mzee Maduhu alipaza sauti kuelekea kwenye lori. "Nassibu, shusha hayo magunia, tunaongeza vipuri vya pampu sita!"

Lori lilirudi baada ya siku kumi na mbili, matope hadi milangoni. Nassibu alimletea Serafina dumu la maji.

"Mama yako anakusalimu. Kasema uonje kabla hujachemsha."

Serafina akaonja. Yalikuwa na ladha ya chuma kidogo, vilevile kama zamani. Yaliyobaki akayatia kwenye birika la ofisi, na kikombe cha kwanza cha chai akampelekea Mzee Maduhu kwa mikono miwili.