Kampuni Ambayo Ruphin Hakuweza Kuitaja

Ruphin alikuwa na kampuni ya Kijapani iliyomshika mkono miaka sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuitaja kwa jina mbele ya mtu anayejua Kiswahili.

Si kwamba ilikuwa na mambo ya gizani. Kampuni ilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Taabu ilikuwa jina. Mwanzilishi wake, mzee mmoja wa Osaka aitwaye Takenouchi, aliwapenda sana dubu, akaipa kampuni jina la dubu. Sasa, dubu kwa Kijapani ni neno fupi, na neno hilohilo kwa Kiswahili ni kitu kingine kabisa, kitu cha wanawake, ambacho mtu mzima hukitaja kwa mkunga kwa kunong'ona, au barabarani akiwa anatafuta kupigwa. Na kwa vile mzee aliwapenda dubu kupita kiasi, neno akaliweka mara mbili.

Waliwahi kumtumia Ruphin fulana, jina limejaa kifuani kwa herufi kubwa. Aliivaa siku moja tu, pale soko la Warwick, Durban, anapotengeneza simu. Machano, Mzanzibari anayeuza viungo meza ya jirani, aliisoma, akakaa chini, akacheka mpaka teksi za Umlazi zikakosa pa kuegesha kwa wingi wa watu waliokuja kumwangalia. Tangu hapo fulana ilivaliwa nje ndani, tena chini ya sweta, tena Desemba, wakati Durban nzima inatokota.

Kampuni yenyewe ilizaliwa hivi. Takenouchi alikuwa mkubwa katika nyumba moja kubwa ya michezo ya video. Huko watu walilala chini ya meza za kazi muda mrefu hata wengine wakaoana hukohuko, wakazaa, na watoto wakaajiriwa kabla hawajaliona jua. Asubuhi moja mzee akatoka chini ya meza yake, akajinyoosha, akachungulia dirishani, akaona mtaa ambao haukuwapo siku aliyoingia. Akaacha kazi. Akapanga chumba juu ya duka la tambi, akatangaza: wewe unayetengeneza mchezo peke yako chumbani, popote ulipo duniani, ulete. Sisi tutautafsiri, tutaujaribu, tutaupeleka madukani. Wewe maliza tu.

Wakaja. Alikuja Mfini mmoja, akaja msichana wa Brazili, wakaja ndugu wawili wa Korea wasiosemezana. Akaja na Ruphin, mtu wa Bukavu mwenye studio Glenwood. Studio hiyo ilikuwa na meza, na Ruphin.

Mchezo wake uliitwa Pisha Njia. Unasukuma mkokoteni wa vitunguu katikati ya Warwick hadi kituo cha teksi, huangushi, humgongi mtu, na unapiga kelele ya "pisha!" mpaka sauti inakauka. Huko Osaka kazi ya kuujaribu alipewa mama mzazi wa mwenye duka la tambi, bibi wa miaka tisini, ambaye aliweza kuuharibu mchezo wowote kwa kidole kimoja huku akimenya tangawizi. Akatoa ripoti: mkokoteni ukiegemea robot, taa ya kuongozea magari, ikiwa nyekundu, unapaa. Kweli ulikuwa unapaa. Kuushusha kulimchukua Ruphin masika mazima. Madame Onozuka, mama wa kampuni aliyekuwa akiandikiana naye, alipofika kwenye "eish", mguno wa watu wa Durban kwa kila jambo, ili alitafsiri, aliomba likizo.

Kampuni ya namna hiyo inakufaje? Ilikufa kwa adabu. Madame Onozuka hakuwa mtu wa kukuambia hapana. Alikuambia, "Hiyo ni ngumu kidogo." Mfini akiomba mwaka mmoja wa kumalizia, anajibiwa, ni ngumu kidogo. Mfini anasoma, anafurahi: kumbe kidogo tu! Anashukuru, anauchukua mwaka. Ruphin naye, ambaye kwao ukimwambia mtu "ngumu kidogo" umemwachia mlango wazi, alichukua miwili. Basi michezo yote ikachelewa kwa heshima kubwa, kampuni ikakonda, ikakonda, mpaka ujumbe ukafika: Jumatatu hatutakuwapo tena.

Ujumbe ulikuwa na sharti moja. Jumapili saa nane mchana kwa saa za Durban, kila mtengenezaji atokee kwenye video, ajitaje, autaje mchezo wake, na aseme kwa mdomo wake kwamba anauchukua kutoka kwa kampuni, akiitaja kwa jina kamili. Asiyesema, mchezo wake utabaki pamoja na viti na birika la chai, vyote vitauzwa kwa yeyote atakayevitaka.

Na Jumapili hiyohiyo, saa hiyohiyo, Ruphin alikuwa anangojwa kujitambulisha rasmi kwa akina Gracieuse, mchumba wake, hapohapo Glenwood. Gracieuse, msusi wa saluni, alikwenda kwa baba yake kuomba saa isogezwe.

"Papa, Ruphin iko na réunion na Japani, kwa video."

"Japani gani? Ile haina jina?" akauliza Papa Pierre-Claver, mzee wa kanisa mwenye tai hata akinyoa ndevu. "Kila dimanche kanisani minamuuliza, ananijibu 'kampani moja hivi.' Mutu anatumika miaka sita, boss yake hana jina?"

"Iko na jina, Papa."

"Basi alete iyo Japani yake hapa, tuione wote. Kama Japani haiko, na bibi ya kuoa haiko."

Jumapili ikafika. Ruphin aliiweka kompyuta juu ya kitambaa cha kufuma, kati ya kuku na ndizi za kukaanga. Walikaa Papa Pierre-Claver, mkewe Mama Clementina, shangazi, Tantine Constance, aliyetoka Pinetown kwa ajili ya kuku, na Gracieuse mwenyewe, ambaye alilijua jina na alikuwa anatazama sakafu.

Madame Onozuka akatokea kwenye kioo, amevaa nyeusi. Akainama. Akaikaribisha dunia nzima kwa jina la kampuni, polepole, kila herufi imepigwa pasi.

Kijiko cha Tantine Constance kikasimama hewani.

"Amesema nini huyu mama?" akauliza Papa.

"Dubu, Papa," akasema Ruphin. "Ni nyama ya pori. Dubu."

"Mara mbili?"

"Ni wawili, Papa."

Papa alikuwa na Kiingereza kidogo, ila siku hiyo kilitosha. Mfini akatangulia. Akasema alikuwa kijana mpweke asiye na mbele wala nyuma mpaka alipoijua hiyo aliyoitaja. Msichana wa Brazili akalia, akasema ndiyo iliyomlea, hatasahau joto lake. Ndugu wa Korea, wasiosemezana, wakaitaja kwa pamoja. Mama Clementina akauma ncha ya kitenge, mabega yakawa yanatikisika. Papa alikaza macho kwenye kuku kama anayesoma Zaburi.

"Mr. Ruphin," akaita Madame Onozuka.

Ruphin akasimama. Akajitaja. Akautaja mchezo. Kisha akasema anauchukua Pisha Njia kutoka kwa "kampuni yenu nzuri."

Madame Onozuka akainama. "Jina kamili, tafadhali. Ni la kisheria."

"Kampuni ya... wale wanyama wawili."

Akainama zaidi. "Hiyo ni ngumu kidogo."

Hapo Ruphin, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, akaelewa kwamba hiyo ilikuwa hapana. Akauona mkokoteni wake unauzwa pamoja na birika. Akamtazama Gracieuse. Neno kama lile huwezi kulisema mbele ya mkwe. Ukilisema umeondoka na viatu vyako, na hakuna wa kukurudisha. Jasho likamshuka mpaka kwenye soksi.

"Sema basi," akanong'ona Gracieuse.

"Mbele ya papa yako?"

"Iko nini?" akauliza Papa Pierre-Claver. "Banangojea nini?"

Gracieuse akamweleza, macho chini: asipoitaja kampuni jina lake lote, kazi ya miaka sita hairudi, inauzwa.

Papa akainyoosha tai. Huko nyuma, kabla ya Durban, alikuwa mtu wa douane, forodha ya mpakani pale Ruzizi, na mambo ya mizigo aliyaheshimu kuliko tai yake.

"Ni sawa na douane," akasema mwisho. "Colis, muzigo yoyote isiyotajwa jina, haivuke. Hata ingekuwa ya askofu." Akasimama, akakishika kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza mpaka kikatazama ukuta, akakaa, akaikunja mikono. "Mimi siko hapa. Mama yako pia haiko. Tumetoka. Sema."

Mama Clementina, ambaye hayuko, akajifunika kitenge kichwa kizima. Tantine Constance alisema yeye si mkwe wa mtu, akabaki na kuku.

Ruphin akavuta pumzi. Neno lilikuwa limekaa kifuani miaka sita bila kutoka, kwa hiyo lilipotoka lilitoka na nguvu zake zote. Alilisema la kwanza, mbwa wa Glenwood wakanyamaza. Akalisema la pili, wanafunzi wa nyumba ya pili wakapiga makofi.

"Asante sana," akasema Madame Onozuka. "Mchezo ni wako." Kisha, kwa jina la kampuni, akaishukuru familia yote iliyopo. Akainama kwa mara ya mwisho. Papa Pierre-Claver, adabu ikamshinda, naye akauinamia ukuta.

Kioo kikazimika. Juu ya duka la tambi hakukuwa na kampuni tena.

"Imevuka?" Papa akauliza ukuta.

"Imevuka, Papa," akajibu Ruphin.

Papa akabaki hivyohivyo; mtu aliyetoka hawezi kurudi upesi namna hiyo. Wakampelekea sahani yake akala akitazama rangi ya ukuta. Ruphin akasema alichokuja kusema, maneno yote ya kumwomba binti, mbele ya kisogo, na kisogo kikamsikiliza mpaka mwisho.

"Clementina," kisogo kikasema, "mwambie uyu kijana, nimekubali. Tena umuulize: sasa atafungua kampani yake mwenyewe, ataiita nani? Atafute jina naweza kutaja kanisani siku ya harusi."

Ruphin akafungua mdomo.

"Asiseme sasa," kisogo kikaongeza. "Aniandikie kwanza."