Spika Zenye Nyama

Mjomba wangu hakuwa na masikio. Alikuwa na malori mawili, biashara ya mbuzi wa Oldonyiro na domo lisilofungika, lakini masikio alinyimwa. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo siku aliponunua spika, mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika duka la Nairobi ambalo watu wa kwetu walikuwa wakilipita tu.

Mwenye duka alituwekea jozi mbili, bei moja. Za kwanza zilikuwa ndogo, za mbao nyeusi. Kaseti ilipoanza nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuimba, nikaduwaa. Za pili zilinifika kifuani. Zilipiga besi mpaka vioo vya kabati vikatetemeka, na maneno ya wimbo yakazama humo humo.

"Abti, sikiliza hizi ndogo kwanza," nilimsihi mjomba.

Asikilize wapi! Aliinama, akazikumbatia zile kubwa, akazinyanyua moja moja na kuzigonga mbavu, vile vile alivyochagua beberu mnadani.

"Hii iko na nyama," alisema. "Pesa ni ile ile, na hii ni nzito mara tatu. Nani mjinga?"

Akalipa papo hapo.

Nyumbani kwake mtaa wa Wabera alizivisha vitambaa vya kufuma, na wageni wakaja kusifu urefu wa spika hizo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza zinasema nini.

Wakati huo kaka yangu alikuwa dereva Jeddah. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo kaka alituma sauti yake kwenye kaseti, kama vijana wengi walioenda Uarabuni. Safari hii alikuwa kimya miezi mingi, na mama alikuwa hali chakula kwa wasiwasi. Kaseti ilipofika hatimaye, mjomba aliamuru ichezwe kwake, mbele ya wageni.

"Mtoto wetu asikizwe kwa heshima," alisema.

"Salaam aleikum, Hooyo," ilitoka sauti nzito ikimwita mama, ikajaa chumba kizima.

"Kijana amenona huyo!" mgeni mmoja akasema, na mjomba, kwa furaha, akaongeza besi.

Mama alikuwa ameinama, kiganja sikioni. Akaninong'oneza, "Huyu ni nani?"

Nilimchukia mjomba saa ile, sifichi. Niliichomoa kaseti mbele ya wale wapambe wake, akanifokea kwamba sina adabu, nikamshika mama mkono tukaenda zetu.

Nyumbani tuliitia kwenye redio yetu ndogo ya kaseti iliyofungwa kwa mpira. Maneno yalikuwa yale yale: kazi nzuri, afya njema, msiwe na wasiwasi. Lakini sasa tulisikia mate yakimezwa katikati, pua ikivutwa, na ile "afya njema" ikikatika kabla ya kufika mwisho. Mama aliizima.

"Amelia huyu," alisema. "Amelia kwanza, ndio akaanza kuongea."

Akaniomba kaseti tupu. Kwa kawaida alipomjibu kaka alianza na salamu za ukoo mzima, mvua, ngamia na wagonjwa. Siku hiyo aliusogeza mdomo karibu na redio, akasema maneno machache tu:

"Rudi nyumbani, mwanangu. Nimekusikia."