Kompyuta Niliyovaa Shingoni

Wa kwanza kulaumiwa ni kaka yangu mkubwa. Wa pili pia ni yeye, lakini tutafika.

Laptop yangu ya kazi hapa mtaani Tuwan aliiua kwa kuimwagia chai ya maziwa. Shule niliachia darasa la sita, na kuchapa programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na maisha ya marehemu, ndiko kulikokuwa kunanilisha. Fundi wa Kiminini akaing'oa diski iliyokufa, akaniwekea mfumo mzima ndani ya flash.

"Mama, kompyuta ni hii flash. Hiyo ingine ni sanduku tu. Ikiwa kazini, usichomoe."

Nikaitia kamba, nikaivaa shingoni pamoja na rozari. Hata nikienda saiba ya jirani, kwenye kompyuta za kukodi, nachomeka, nawasha, mashine ya wenyewe inakuwa yangu.

Kisha baba akafa. Asubuhi ya mazishi, nyumbani Naitiri, bado nilikuwa nachapa, maana kwetu hakuna anayekubali programu itoke kabla jina la mjukuu wake halijaingia. Mimi nilitaka sentensi moja tu: kwamba miaka yote baba alipokuwa kitandani kwangu Tuwan, aliyemwosha na kumlisha ni mimi. Nikaiandika, nikaiacha flash imechomekwa, nikatoka kusalimia wageni.

Kurudi, flash haipo.

"Si nimepea mtu wa spika aweke nyimbo," kaka akasema. "Ati ulikuwa unaitumia?"

Mtu wa spika, mkosaji wa tatu, hata haya hakuona. "Ilikuwa imejaa vitu havina sauti, mama. Nikafuta zote."

Skrini ilikuwa imeganda. Baba anatutazama kwenye picha, maneno machache chini yake, na ukibonyeza hakuna kinachosogea. Mchungaji naye ana mazishi mengine, hawezi kungoja tuchape upya. Basi kaka akaibeba laptop kama sinia ya mandazi mpaka kwa maikrofoni, akasoma: alizaliwa, akaoa, akalima mahindi. Akafika mstari wa mwisho: "Katika ugonjwa wake, baba alitunzwa na..."

Akabonyeza. Akaipiga kofi. Akaitikisa.

"Na sisi sote," akamalizia.

Watu wakaguna. Shangazi akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake cha plastiki: "Wewe bana! Si ulikuja Krismasi, ukakula firigisi, ukarudi Bungoma! Peana hiyo kitu kwa mwenyewe."

Nikaipokea laptop, nikasimama mbele ya maikrofoni. Sentensi yangu ilikuwa moja. Niliongea mpaka mchungaji akatafuta kiti.