Piano Isiyo na Kitufe

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Niliingia Tanzania kupitia Tunduma, nimelala siku tano juu ya lori la shaba kutoka kwetu Kongo, elimu yangu darasa la nne na suruali moja. Leo nina nyumba ya vyumba vinne Soweto, hapa Mbeya. Imeandikwa jina la mke wangu kwa kuwa mgeni hapewi ardhi, lakini kila tofali nimelinunua kwa vidole hivi kumi. Nimefundisha kwaya kumi na moja. Nimepiga kinanda kwenye harusi na misiba hadi nimeacha kuhesabu. Sijawahi kukaa darasa la muziki, na waliokaa ndio wanaonipigia simu.

Kinachonipata siku hizi si mshangao, ni kinyaa. Watu wanaona suti tu, hawajui kazi hii inavyonuka. Maikrofoni ya kwaya imebeba mate ya watu arobaini na haijawahi kufuliwa kile kisponji chake. Mende wanapenda joto la kinanda. Ukikifungua unakuta wamezaliana humo ndani, wakubwa kwa wadogo, na mmoja anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyevamia. Halafu kuna wale wanaokukesheza mkesha mzima, asubuhi wanakupa soda ya moto na kukuambia Mungu ataongeza.

Lakini kinyaa kilichonikaa zaidi nilikipata Iringa, na hakikuwa cha mende.

Nilikuwa na mwanafunzi, mama mmoja mshonaji wa sare za kwaya, mwenye sauti nzito ya chini, ya kukutuliza tumbo. Alikuwa na binti aliyemaliza la saba. Shule moja ya misheni nje kidogo ya mji wa Iringa ikatangaza nafasi ya mwalimu wa kwaya: mshahara, nyumba, na mtoto wa mwalimu kusoma bure. Mshahara hakuutaja hata mara moja. Alichotaka ni binti yake aingie pale kidato cha kwanza, maana kwa cherehani ile moja ada ya pale asingeiweza.

Sasa nieleze ninavyopiga, maana wengine wanadhani ni uchawi. Kila wimbo naupiga kwenye vibao vyeupe, do yangu ni moja tu. Mwimbaji akiwa na sauti ya juu, kinanda changu kina kitufe cha transpozi: nabonyeza mara mbili, muziki wote unapanda, vidole vyangu viko palepale. Huyu mama nilikuwa namshushia mara nne. Miaka sita hakujua. Wapigaji wengi wa huku ndivyo tunavyofanya, asikudanganye mtu.

Siku mbili kabla ya safari akaniuliza, "Mwalimu, barua ya usaili inasema piano ipo. Tubebe na kinanda chetu?"

"Piano ni piano, dada."

"Nauliza tu. Nikikosa hii, mwanangu ndiyo basi."

"Mimi nikikaa nyuma yako unakosaje?"

Kukibeba kulikuwa na maana ya kukilaza kwenye buti la basi pamoja na matenga ya kuku. Nikakataa.

Tulilala gesti ya Mlandege, Iringa mjini, kila mtu chumba chake. Shuka langu lilikuwa na nywele za mtu mwingine, na ndala za bafuni zilikuwa na utelezi ambao sikutaka kuujua. Asubuhi tukaenda shuleni. Usaili ulikuwa kwenye bwalo, sakafu imedekiwa kwa tambara lililooza na harufu ya maharage imeingia hadi kwenye kuta. Mezani walikaa watatu: mkuu wa shule aliyekuwa mama wa miwani, kijana mwalimu wa muziki, na mzee wa kanisa aliyekuwa anakula karanga za kuchemsha. Maganda anayatemea kiganjani, kisha anayapanga juu ya barua yetu ya maombi.

"Kamwene," akatusalimu, mdomo umejaa.

Piano ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa cha plastiki, juu yake sahani za ugali wa jana na inzi. Nikafunua. Katikati ya vibao kulikuwa na mavi ya panya. Nikatafuta kitufe kushoto, nikatafuta kulia, nikapitisha mkono chini ya ubao, nikakutana na bazoka iliyotafunwa na mtu, bado laini.

"Unatafuta nini, mzee wangu?" kijana akauliza.

"Swichi."

"Hiyo ni mbao na nyaya tu, mzee. Haijawahi kuonja umeme."

Mkuu wa shule akacheka chinichini. Vibao vyeupe bila kitufe, maana yake wimbo utakaa hatua nne juu ya sauti yake.

Nikamwinamia mwanafunzi wangu. "Leo itakuwa juu kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Utafika."

Akanitazama. "Mwalimu, niache niimbe kavukavu. Bila piano. Nakuomba."

Lilikuwa neno moja tu, ndiyo, na kazi ingekuwa yake. Lakini yule kijana alikuwa anaitazama mikono yangu. "Nimetoka Mbeya kuja kukalia benchi?" nikamnong'oneza, nikaanza kupiga.

Ubeti wa kwanza aliumudu. Kwenye kiitikio mishipa ya shingo ikamtoka na sauti ikapasuka vipande viwili. Akajaribu tena, ikapasuka palepale. Mara ya tatu akashuka mwenyewe, akarudi kwenye sauti yake, piano inaenda kwake na yeye kwake. Nami badala ya kunyamaza nikazidi kugonga, ili waone kosa si langu. Mzee wa kanisa akaacha kutafuna.

"Asante mama, inatosha," mkuu akasema. Wimbo wa pili hawakuuomba. Aliyemfuata aliimba kavukavu, anajipigia paja, na kabla ya chakula cha mchana tukaambiwa kazi ni yake.

Nje, karibu na tangi la maji, akaniuliza, "Ulikuwa unanishushia?"

"Piano yao mbovu. Panya wameimaliza."

"Sijauliza panya."

"Mara nne," nikasema.

"Miaka sita unaniambia hakuna wimbo unaonishinda." Akatikisa kichwa. "Kumbe ni kidole chako."

"Usiseme hivyo. Sauti ni yako."

"Basi si ungeiacha iimbe."

Akapanda gari la Ilula, kwa mama yake anayeuza nyanya barabarani. Nauli hakutaka nimlipie. Nilinawa mikono kwenye bomba la shule mara tatu, lakini kile kinyaa hakikuwa mikononi. Nimewachukia watu wengi maishani. Kujichefua mwenyewe sijazoea.

Hakumwambia mtu Soweto nzima, na hilo ndilo lililonishinda. Angetangaza ningemjibu, majibu ninayo. Aliendelea kushona, ananisalimia, "Shikamoo, mwalimu," basi.

Januari nikarudi Iringa peke yangu, kwa mhasibu wa shule ile.

"Wewe ni nani wa mtoto?" akauliza.

"Mpigaji."

Akaniangalia, akaandika. Nililipa ada ya mwaka, sare, ndoo, jembe na fagio. Nikampelekea mama stakabadhi pale kwenye cherehani yake. Akaisoma mstari kwa mstari, kidole juu ya kila neno, akaikunja na kuitia kwenye mfuko wa gauni.

"Godoro hujalipia," akasema, akaendelea kushona.

Nikaenda sokoni Mwanjelwa kununua godoro. Pamoja na hilo, na nauli yangu ya kwenda na kurudi, jumla yote ilinigharimu shilingi milioni moja, laki sita na elfu arobaini na mbili na mia tano.