Mgeni Aliyeitwa Mbele

Sylvestre Ntakirutimana anachovya brashi kwenye povu, anaigonga ukingoni mwa bakuli, kisha anainua kidevu cha Mzee Kaimenyi kwa vidole viwili. Ni Jumapili, kengele ya misa ya kwanza bado haijalia, na ukungu haujaondoka kwenye migomba ya boma hili lililo juu kidogo ya mji wa Nkubu, Kaunti ya Meru.

"Usicheke, mzee," anasema.

"Nani anacheka?" mzee anajibu, huku anacheka.

Uso wa Mzee Kaimenyi una ukaidi wake. Kiharusi kiliuvuta upande mmoja miaka kadhaa iliyopita, mdomo ukapinda na mikunjo ya shavu ikahama mahali pake. Vinyozi wengine wa mjini walijaribu, wakamkata. Tangu hapo mzee, mkulima wa kahawa aliyestaafu na mtu wa kiti cha mbele kanisani, hakubali wembe wa mtu mwingine yeyote.

"Huyu anajua ndevu yangu kuliko vile daktari anajua presha yangu," anasema, maneno yakimtoka polepole.

Lakini kuna kipindi wembe huu ulikaa miezi bila kuligusa shavu hili. Kilichouzuia ni kukosa chanjo ya korona. Kilichoufungulia njia ni neno moja tu, ambalo kila mtu alilielewa kivyake.

Sylvestre ni Mrundi, mzaliwa wa Buyenzi jijini Bujumbura, mtaa ambao watoto hukua wakiongea Kiswahili. Alifika Kenya akiwa kijana na kuanzia Embu mjini, akifagia nywele katika kibanda cha kinyozi aitwaye Njue, huku jicho lake likiwa kwenye mikono ya mwenye kazi. Baadaye akahamia Nkubu. Leo ana kibanda chake kando ya soko, chenye kiti kimoja na kioo kilichopasuka pembeni. Kichwa ni shilingi mia moja, ndevu ni maelewano.

Jina lake liliwashinda wateja. Wakalikata likabaki Ntaki, na hawajachoka kumtania nalo. "Ntaki, leo unataka ama hutaki?" huuliza karibu kila anayeketi kwenye kiti hicho.

Cha kushangaza ni kwamba kilichomfichua kuwa si mwenyeji ni Kiswahili chake. Hakikuwa kibovu, kilikuwa kizuri mno. Hapa watu huongea Kimeru nyumbani, Kiswahili wanakipata shuleni na mjini, na ngeli huenda zinakojipeleka zenyewe.

"Siku moja nilimwambia dereva, 'Viatu vyangu vimelowa,'" Sylvestre anasimulia. "Akanitazama kutoka juu mpaka chini, akaniuliza nimetoka nchi gani."

Basi akawa mgeni. Kitambulisho anachopewa raia wa kigeni kinasema hivyo, na sokoni wanasema hivyo pia, ingawa kwa upole zaidi. Kwa Kimeru mgeni ni *mugeni*, na *mugeni* akiingia nyumbani hupewa kiti kabla ya mwenye nyumba kuketi.

Korona ilipoingia, boma la Mzee Kaimenyi lilifunga lango. Binti yake Kaari, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye anayemtunza, na hakutaka mzaha. Chanjo zilipoanza kupatikana, alimweleza kinyozi msimamo wake lango likiwa katikati yao.

"Nilimwambia, 'Ntaki, sina shida na wewe, lakini unashika uso ya kila mtu hapa Nkubu,'" Kaari anakumbuka. "'Siku utadungwa hiyo chanjo, hii lango itakuwa wazi.'"

Sylvestre alimwelewa. Mwanzoni walijaribu kunyoa kwa mbali. Mzee aliketi barazani, Kaari akashika wembe, na kinyozi akasimama nje ya lango akitoa maelekezo kwa sauti kubwa: shusha mkono, vuta ngozi, polepole hapo chini ya mdomo.

"Alisema kushoto, mimi nikaenda kushoto yangu," Kaari anasema na kufunika macho. "Damu ilitoka, baba akaniambia nirudi kwa chaki."

Ndevu zikaachwa ziote. Mzee naye akaanza kujifungia chumbani. Majirani walipopita kumsalimu kutoka mbali, alijifanya amelala, kwa kuwa hakutaka waone uso uliopinda na sasa umeota msitu. Chakula kikawa kinarudi jikoni nusu. Kaari aliogopa kwamba korona ingemkosa baba yake, halafu aibu immalize.

Hapo ndipo Sylvestre alipoanza kuitafuta chanjo mguu mosi mguu pili. Kituo cha kwanza alichoenda, karani aliingiza namba ya kitambulisho chake kwenye simu, akaingiza tena, kisha akatikisa kichwa. Kitambulisho kilikuwa kimeisha muda wake, na siku zile za vizuizi kukipata kipya ilikuwa kazi. Kituo cha pili dawa ilikuwa chache, na mtu mmoja kwenye foleni akamwambia wenye nchi wamalize kwanza.

"Hakuwa mtu mbaya," Sylvestre anasema, akipangusa wembe. "Aliogopa isimfikie. Hata mimi niliogopa isinifikie."

Anasema kilichomsumbua akili ni kitu kingine. Siku zilezile, kulikuwa na uvumi kwamba sindano hiyo inaua, na wapo waliosikia wahudumu wa afya wanakuja wakateremka Mitunguu kujificha kwenye mashamba ya ndizi. "Wenzangu wanaikimbia, mimi naikimbilia, na wote tunaikosa," anasema. "Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu."

Kisha ikaja siku ya chanjo sokoni. Hema lilipigwa, wafanyabiashara wakakusanyika kwa mbali, na naibu wa chifu, Mugambi, akashika kipaza sauti. Viongozi wachache walikuwa wamealikwa wachanjwe hadharani ili wananchi waondoe hofu. Walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki vilivyofunikwa kwa vitambaa.

"Tutaanza na wageni wetu," Mugambi akatangaza. "Wageni, tafadhali, kujeni mbele."

Viti vya vitambaa havikutikisika. Kiongozi mmoja alitazama simu yake, mwingine akamtazama mwenzake. Nyuma kabisa, karibu na wauza nyanya, Sylvestre akainuka, akafunga kifungo cha shati na kutembea mpaka mbele.

"Nilisikia wageni," anasema. "Miaka yote hiyo nilikuwa nimeitwa hivyo mara nyingi, lakini ile ilikuwa mara ya kwanza naitwa kwa jambo ninalolitaka."

Soko likaangua kicheko. Mugambi akamgeukia, na kipaza sauti kilikuwa bado kinanasa kila kitu.

"Ntaki, wewe ni mgeni gani sasa?"

"Mgeni wa Burundi, naibu. Hata kitambulisho changu kinasema."

Muuguzi wa siku hiyo, Gladwell, alikuwa amesimama na sindano mkononi bila mkono wa kuidunga. Aliuliza kama kuna anayemfahamu mtu huyu.

"Mimi namjua," Mugambi akajibu. "Ni yeye hunyoa mimi. Na mmesikia vile nimetangaza, siwezi rudisha mgeni nyuma mbele ya watu."

Gladwell akaandika jina lake lote kwenye karatasi, akimwomba alirudie mara mbili, na kuahidi kulishughulikia ofisini. Kisha akamdunga.

Kilichofuata Sylvestre hukisimulia kwa furaha kuliko yote. Alipokaa kando kuangaliwa, kama ilivyotakiwa, wanawake wa soko walimzunguka kwa mbali na kumkodolea macho waone kama ataanguka. Alipopiga chafya, mmoja akarudi nyuma hatua nzima. Aliposimama mzima na kuuliza bei ya parachichi, foleni ikaanza kujipanga. Wale wa viti vya vitambaa wakajiunga nayo, sasa wakitembea kwa ujasiri mkubwa.

Dozi ya pili Gladwell alimpigia simu mwenyewe. Baada ya hapo Sylvestre akapanda mpaka kwa Mzee Kaimenyi na mfuko wake wa kazi, na Kaari akalifungua lango kabla hajabisha. Mzee alitolewa barazani, ndevu zimemfika kifuani. Uso ulipotokea, mzee aliomba kioo, akajitazama, kisha akalia, na kinyozi naye akalia bila kuona haya. Jioni hiyo sahani ilirudi jikoni tupu.

Leo kitambulisho cha Sylvestre kimeshafanywa upya. Ana mpango wa kuongeza kiti cha pili kibandani na kumfundisha mtu kazi, kama alivyofundishwa Embu. Anaulizia pia kuhusu kuomba uraia, jambo ambalo anajua litachukua muda wake.

Anapomfuta mzee povu la mwisho, anaulizwa kama anajivunia kuwa wa kwanza siku ile.

"Watu hupenda kunikumbusha, na mimi hucheka nao," anasema. Anakunja taulo, analiweka begani. "Lakini ugonjwa mwingine ukija, Mungu apishe mbali, sitaki kuitwa mbele. Nataka kupanga foleni nyuma ya Mwalimu Kaari, jua linichome, nichoke, ninung'unike. Na nikifika kwa muuguzi asiulize nani ananijua."

Mzee Kaimenyi anapapasa kidevu chake kilicho laini, na kengele ya misa inalia.

"Hiyo foleni," anasema polepole, "nitakushikia nafasi."