Msiba Nilioubeba Mpaka Mikumi

Safari yangu ilitokana na kifo. Kaka yangu Omari alifariki hapa Msowero wakati watu wanapalilia, tukamzika siku ileile, na kila mwenye haki ya kuambiwa aliambiwa, isipokuwa mjukuu wangu Zuhura. Wengi wenu mlikuwepo mazikoni mkaniuliza: Zuhura yuko wapi, mbona hakuja kumzika babu yake aliyempeleka shule ya bweni kwa baiskeli? Nikawajibu yuko angani. Baadhi yenu mliguna, niliwasikia. Sasa nawaeleza yote, tangu kutoka mpaka kurudi, asije mtu akasema bibi kizee amechanganywa na msiba.

Zuhura ni mtoto wa marehemu binti yangu. Tumemlea mimi na Omari. Mimi niliishia darasa la nne, Omari hakufika hata hapo, na yeye amesoma mpaka chuo Morogoro. Halafu walitafutwa vijana wanne wa kufungiwa katika nyumba moja nje ya mji wa Mikumi, nyumba isiyo na dirisha, waishi humo miezi kama watu walio ndani ya chombo kinachokwenda kwenye nyota nyekundu. Wakubwa wa mradi wanataka kujua: mtu akikaa mbali na watu kiasi hicho, moyo wake unakuwaje? Waliomba vijana wengi sana. Wakachukuliwa wanne, na mmoja ni wangu. Hilo nimelisema sokoni, nimelisema kisimani, na nitaendelea kulisema.

Humo ndani hawana simu. Msimamizi wao, binti anayeitwa Neema, ndiye hunipigia kunipa hali ya mtoto. Nilipompa habari ya Omari alinipa pole, kisha akasema, "Bibi, tutamwandikia ujumbe ausome."

Nikamwambia, "Mwanangu, msiba hausomwi. Msiba unaambiwa na mtu wako, umekaa chini, na kuna mikono ya kukushika. Msimwandikie kitu. Nakuja."

Moyoni nilikuwa na la pili ambalo sikumwambia. Nilikuwa nakwenda kumtoa. Mtu hawezi kufiwa akiwa ndani ya debe.

Tulipokwisha kuanua matanga niliondoka asubuhi na khanga mbili za Zuhura na unga kidogo wa mahindi ya nyumbani. Lami ya kwenda Kilosa ni nzuri siku hizi, usingizi haujakolea umeshafika. Pale stendi nilingoja gari la Mikumi mpaka jua likawa kali. Mto Mkondoa ulikuwa umejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na watu wamesimama darajani wanautazama kama hawana kazi.

Kutoka Kilosa nilikaa na mama mmoja wa kijiji cha Ulaya, huku huku kwetu, aliyebeba ndoo za kuuza gulioni. Akaniamkia, nikaitikia, akaniuliza safari ya wapi.

"Mikumi, kwa mjukuu."

"Anafanya kazi mbugani?"

"Hapana. Yuko angani."

Akanitazama kwa huruma. "Mama, mimi Mikumi nimekaa. Anga yao ni hiihii."

Dereva akadakia, "Labda kapanda twiga."

Gari zima likacheka, na mimi nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Omari afe, nikaona aibu kidogo, nikajifunika mtandio nikatazama nje.

Karibu na njia ya kuingilia Kilangali tulisimama kupisha ng'ombe. Walikuwa wengi, wanapita taratibu kama barabara ni ya baba yao, na nyuma yao vijana wa Kisukuma wenye fimbo. Mnajua mimi na ng'ombe wa Wasukuma. Mnajua walivyolala kwenye mahindi ya Omari, kesho yake ukadhani hapakulimwa kitu. Nikatema mate dirishani. Dereva akaniambia, "Bibi, si Msagara wewe? Watani zako hao." Nikamjibu kwamba utani ulikuwa zamani, walipokuja na miguu yao tu.

Ulaya tulikuta gulio limechangamka, baiskeli kila mahali. Mama wa ndoo akashuka, akanitakia safari njema ya angani. Toka hapo ni mashimo na vumbi mpaka Mikumi, tukaingia alasiri, kiuno changu hakisemeki. Neema alinipokea stendi. Ni mtoto mdogo, simkadirii zaidi ya umri wa Zuhura, lakini ana adabu. Alinilaza kwake, akanipikia wali na kisamvu, na hakula mpaka nilipokula.

Asubuhi yake alinipeleka kwenye hiyo nyumba. Msifikirie kitu cha ajabu. Ni kama ghala jeupe katikati ya nyasi, lina mabomba na nyaya. Juu ya paa walikaa nyani wanatafutana chawa.

"Kule ndani wanawasikia," Neema akasema. "Wanatuandikia kwamba mawe ya angani yanagonga chombo. Wanajua ni nyani, bibi, ila wanashika masharti."

Nikaenda kuushika ukuta. Ulikuwa na joto la jua. Mtoto wangu alikuwa upande wa pili, karibu kuliko jikoni kwangu na kitanda changu. Neema akaniomba nisigonge.

Nikamuuliza mtoto anaendeleaje, na safari hii aniambie kweli. Akatazama chini. Alisema Zuhura amekuwa mkimya. Wote wanne wamekuwa wakimya. Mwanzoni walikula pamoja, sasa kila mmoja huchukua sahani yake akaingia nayo chumbani akafunga mlango. Kuna siku inapita hakuna aliyetoa neno.

"Na ninyi mnafanya nini?"

"Tunaandika, bibi. Ndicho tunachokichunguza."

"Mtoto anakauka, ninyi mnaandika."

Akasema mlango haujafungwa kwa kufuli, Zuhura akitaka kutoka atafunguliwa wakati wowote. Ila akitoka mmoja, kazi ya wote wanne imekwisha, maana ni ya watu wanne. Nikasema sawa, basi iishe.

Tukaingia kibanda cha pembeni chenye kipaza sauti mezani. Hapo Neema akanieleza jambo lililonitatiza. Sauti yangu haitamfikia Zuhura hapohapo. Wameichelewesha makusudi, kama ambavyo ingechelewa angekuwa huko mbali kweli. Nikisema neno, litachukua muda kama wa kuchemsha uji mpaka limfike, na jibu lake litachukua muda kama huo kurudi. "Kwa hiyo bibi, sema yote kwa mara moja. Usingoje kujibiwa."

"Salamu haisemwi yote mara moja," nikamwambia. "Nani ataitikia?"

Nikasogea kwenye kile kidude. "Zuhura, mimi bibi yako. Niko hapa Mikumi. Hujambo?" Nikanyamaza. Tukanywa chai. Tukamaliza chai. Nikadhani kimeharibika.

Kisha sauti yake ikaja, imechangamka kuliko nilivyotarajia. "Shikamoo bibi. Mimi sijambo. Bibi umefikaje huku na kiuno hicho? Habari za nyumbani? Na mume wangu hajambo? Mwambie nimemwekea nafasi huku, aje na baiskeli yake, hakuna polisi wa barabarani."

Mume wake ni Omari. Ndivyo walivyoitana, babu na mjukuu, tangu anaanza kutembea.

Nikafanya kama ninavyojua mimi, kama tunavyofanya sote. Nikasema, "Marahaba mwanangu. Nyumbani kwema. Ila kidogo tu." Nikanyamaza.

Nanyi mnajua kwa nini nilinyamaza. Kwetu ukisema kwema halafu ukasema ila, mwenzio anauliza, ila nini? Katika kuuliza huko anakaa, anajishika, nawe unamsogelea. Ndiyo njia ya kuufikisha msiba bila kumwangusha mtu. Lakini yale maneno yalikuwa yamekwishaondoka, na mimi nikaona nilichofanya. Zuhura atasikia "ila kidogo tu", atauliza, na swali lake litachemka uji mzima kuja, na jibu langu uji mwingine kwenda. Muda wote huo atakaa na "ila" peke yake ndani ya ghala, bila mkono.

Nikamwambia Neema, washa. Nikasema bila kuzunguka, "Zuhura, kaa chini. Babu yako Omari ametangulia. Alishikwa na kifua, hakuteseka, tumemzika vizuri kando ya mama yako. Usikae peke yako. Waite hao wenzako." Sijawahi kumwambia mtu msiba namna hiyo. Ni kama kumtupia mtu mzigo kutoka juu ya lori.

Tukangoja. Ikaja sauti yake, ndogo: "Ila nini, bibi?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza, alilisema kabla hajanisikia. Mimi nimekwishajibu, yeye bado anauliza. Neema alianza kulia. Mimi sikulia, nilikuwa nangoja.

Kilichofuata ni mvumo mtupu. Kisha sauti ya kiume. "Shikamoo bibi. Mimi naitwa Masanja, naishi humu na Zuhura. Amekaa sakafuni, hasemi. Wenzetu wawili wamesimama mlangoni, hatujui tufanyeje. Mimi naogopa kumsogelea, maneno yangu hayapendi. Nilimtania siku za mwanzo, kwamba Wasagara wanakula nyani, akaacha kusema na mimi. Ndipo kila mtu akaanza kula chumbani."

"Marahaba. Masanja wa wapi wewe?" nikauliza, ingawa jina lilikwishaniambia.

Uji ukachemka. "Baba alihamia Kilangali na ng'ombe. Sisi Wasukuma, bibi."

Mjukuu wangu alisoma bweni tangu mdogo. Utani hakufundishwa na mtu, na nyumbani kwangu alichosikia juu ya Wasukuma ni mimi nikiwatukana, tena bila kucheka. Nikafikiri juu ya mahindi ya Omari. Nikafikiri pia kwamba zamani babu zao walipita kwetu na mizigo kichwani wakienda pwani, waliofia njiani sisi tuliwazika, na tangu hapo kwenye msiba wa Msagara, Msukuma ana kazi yake, na hakuna ndugu anayeweza kuifanya.

Nikasema, "Masanja, wewe ni mtani. Msiba ni wako huo. Fanya kazi yako. Na hao wawili mlangoni waingie, toeni magodoro vyumbani, yote, mtandike chini."

Safari hii kungoja kuliniuma kuliko kote. Kisha tukamsikia yule kijana, anaongea kwa sauti ya matangani, mbele ya wote. "Basi jamani, Msagara amekufa. Amekufa wakati wa kupalilia, kama kawaida yao, hawajapenda jembe tangu waumbwe. Alikuwa anawafukuza ng'ombe wetu kwa baiskeli, sasa ng'ombe watafukuzwa na nani wapate mazoezi? Na huyu mjane wake hapa, Zuhura, analia nini? Mume mwenyewe alikuwa hana meno. Lete sukari yako, mimi silii bure kwenye msiba wa watu wachoyo."

Kisha kelele, sijui ya nini. Kisha Zuhura, analia kwa sauti, kilio chenyewe, cha kutoka tumboni, na katikati ya kilio akasema, "Meno alikuwa nayo mawili." Na nikawasikia wanacheka, yeye akiwemo.

Hapo ndipo na mimi nililia.

Nilipotulia nikamwambia khanga zake ninazo, mlango utafunguliwa akisema, twende nyumbani. Jibu lake nalikumbuka lote. "Bibi, wametandika magodoro sebuleni. Masanja kachukua sukari yangu yote. Nikitoka mimi, na hawa itabidi watoke, nao wamekaa nami msibani. Niache nikae matanga humu. Wewe usiondoke haraka."

Sikufurahi. Sitawadanganya. Nilikuwa nimejiandaa kurudi naye nimemshika mkono, mmuone. Nikawa na hasira mpaka jioni, Neema ananipa chai naikataa.

Nilikaa Mikumi mpaka matanga yao yakaisha. Kila asubuhi nilikwenda kibandani, namsimulia Zuhura mazishi yalivyokuwa, nani alikuja, nani alichelewa, nani alikula sana. Nasema, nangoja, nachambua mchele wa Neema, linakuja jibu. Unga wa nyumbani nilimwachia Neema. Aliniambia, "Bibi, sasa wanakula pamoja. Sijui niandike nini." Nikamwambia aandike kwamba wanakula pamoja.

Wakati wa kurudi nilishuka Kilangali kumtafuta mama yake Masanja. Nilimkuta anakamua. Nikajieleza mimi ni nani.

"Ndiyo ninyi mnaokula nyani?" akaniuliza kabla hata sijakaa.

"Ndiyo. Na mwanao amejifunza kwetu, amenona."

Akacheka, kisha akashika mkono wangu, akauliza polepole kama mwanawe ana watu huko ndani. Hakuwa amesikia habari zake za maana tangu aingie. Nikakaa, nikamwambia yote, kuanzia sahani za vyumbani mpaka sukari. Alinipa maziwa, nikayanywa.

Haya ndiyo niliyojifunza. Kwenda mbali siyo lazima upande chombo. Wale watoto walikuwa wanasikiana wakikohoa, na kila mmoja alikuwa katika nyota yake. Na mimi hapa Msowero nina majirani kumi wa Kisukuma nisiowasalimia, basi na mimi nilikuwa na nyota yangu. Kwenye arobaini ya Omari niliwaita. Walikuja, wakamtukana marehemu vizuri sana, wakabeba kuku wangu wawili.

Zuhura bado yumo ndani. Mnaniuliza mbona kaburi la kaka yangu limeota majani na mimi ni mzima, jembe ninalo. Yale majani nimeyaacha makusudi. Ni ya Zuhura, akitoka atayapalilia mwenyewe.