Maksi Kumi na Nne

Mama yangu alifundisha Kiswahili shule za msingi miaka thelathini na kitu, na alipostaafu hakuacha kazi, aliacha tu kwenda shuleni. Matangazo ya kanisa aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu akamrudishia mzee wa kanisa mlangoni. Barua nilizomwandikia kutoka Mbeya, nilipokuwa najifunza ushonaji, zilinirudia zimechorwachorwa. Moja nilimweleza kwamba naumwa, sijala siku mbili. Ilirudi na maneno haya chini: "Ujumbe umefika. Mwandiko mbaya."

Huku Iringa watu wanamkumbuka kama malaika. Sawa, wao walikuwa wanafunzi wake. Mimi nilikuwa mtoto wake, tena wa pekee.

Sasa, kwetu mtu hazikwi mpaka wasifu wake usomwe. Mtu wa familia anasimama kando ya jeneza na karatasi: marehemu kazaliwa wapi, kasoma wapi, kaoana na nani, kaacha wangapi. Na kila aliyekaa chini ya turubai anajua kuwa wasifu ni uongo wenye adabu. Mlevi anakuwa mtu wa watu, mkorofi anakuwa mpenda haki. Mama alikuwa akirudi kutoka msibani amenuna siku nzima, si kwa ajili ya kifo bali kwa ajili ya wasifu. Basi hospitali walipomrudisha nyumbani Kihesa na kutuambia tumtunze tu, alinipigia simu mwenyewe.

"Njoo na daftari," akasema. "Uniandikie wasifu wangu niusome nikiwa hai. Nikiwaachia nyinyi mtaandika upuuzi."

Nilifunika cherehani yangu nikapanda basi.

Ilikuwa Juni, baridi ya Iringa inajulikana. Nilimkuta amelala chini ya mablanketi mawili, amebaki macho na kalamu. Nikaandika usiku na mchana nikimgeuza, nikimwosha, nikimnywesha uji kwa kijiko. Jamani, mtu anaweza kumwosha mama yake mgongo, taratibu kabisa, huku anamchukia. Mimi ni shahidi.

Rasimu ya kwanza nilimwandikia kama wanavyoandikiwa watu wote. Alipofika kwenye "mama mwenye upendo mwingi" akakata.

"Nani kasema?"

"Mimi, mama."

"Hujawahi kusema. Usianze leo."

Kwenye "ndoa yenye furaha" akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo uliikuta wapi? Baba yako alikuwa na nyumba nyingine, nawe unajua. Andika tuliishi pamoja hadi alipofariki. Inatosha." Rasimu ya pili ikarudi nyekundu, ya tatu nayo nyekundu. Nina miaka arobaini na kitu, nina wajukuu, lakini kila nikimkabidhi karatasi nilisimama wima kama niko mbele ya darasa.

Hapo ndipo nilipoamua kumchoma.

Nilipokuwa darasa la saba tulikaa Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga, na yeye ndiye alikuwa mwalimu wangu wa darasa. Shuleni nilikatazwa kumwita mama. Wenzangu wakichelewa walichapwa fimbo mbili, mimi nne: mbili za kuchelewa, mbili za kuzaliwa na yeye. Alisema hivyo hivyo, mbele ya darasa, ili mzazi yeyote asije akasema mtoto wa mwalimu anadekezwa. Niliyekaa naye dawati moja alikuwa msichana aliyelelewa na bibi yake. Bibi aliishi kwa kuokota masuke yaliyosahauliwa mashambani baada ya mavuno. Mtoto hakuwa na viatu, lakini akili alikuwa nayo. Mwaka ule masista wa misheni walitangaza kwamba watamsomesha bure msichana mmoja tu kutoka shule yetu, yule atakayekuwa wa kwanza kwenye mtihani wa ndani.

Nikawa wa pili. Mwenzangu akaenda kwa masista. Mama alisema atanisomesha mwenyewe. Baba akaugua, mipango ikafa, nikapelekwa Mbeya kwa mama mdogo kushika cherehani. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano, likizo, nikafungua sanduku lake la bati nikitafuta sindano, nikaiona insha yangu ya mtihani ule. Alama zangu zilikuwa zimekatwa na kuandikwa upya, chini zaidi, wino wake, mkono wake. Sikupata hata muda wa kuhesabu sawasawa zilizokatwa ni ngapi. Aliingia, akaninyang'anya, akaitia jikoni kwenye moto, akaendelea kupepeta mchele. Hatukulizungumza tena.

Kwa hiyo kwenye rasimu ya nne nikaongeza mstari: "Katika mtihani wa darasa la saba alimkata mwanawe wa kumzaa maksi kumi na mbili, ili mtoto wa mwingine achukuliwe." Nikampa pamoja na uji wa asubuhi, nikakaa kwenye stuli nimtazame usoni. Nilingoja akane. Nilingoja alie. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, aniambie nilikuwa wa kwanza.

Akasoma. Akatoa kalamu chini ya blanketi. Akakata neno "mbili", juu yake akaandika "nne".

"Kumi na nne," akasema. "Kumi na mbili zisingetosha."

Loo! Nilitaka kummwagia ule uji.

"Kwa nini, mama?"

"Wewe ulikuwa na mimi. Yeye alikuwa na nani?"

"Nilikuwa na wewe? Lini?"

Akaikata sentensi nzima, mistari miwili minene. "Hii usiisome. Ni kweli, lakini usiisome."

Nikajua, ahaa, leo nimempata. "Unaona aibu, Mwalimu?"

"Nimesema usiisome," akasema. "Chukua bakuli lako."

Alifariki siku ya nne yake, alfajiri, kalamu ikiwa imevujia shuka.

Msiba ulijaa. Wanafunzi wake walikuja kutoka kila alikopangiwa kazi, wengine nao wana mvi. Mwenzangu wa dawati alikuja kutoka Ubaruku na gunia zima la mchele. Sasa ni mwalimu mkuu huko. Alilia kuliko mimi. Alimwita marehemu "mama" kwa sauti kubwa, neno ambalo mimi nilikatazwa, na nikamsikia akiwaambia wanawake waliokuwa wakimshika: "Huyu ndiye aliyenitoa. Aliniambia, umekuwa wa kwanza kwa akili yako mwenyewe, asikudanganye mtu." Nilikuwa na nakala safi mfukoni. Ule mstari uliokatwa nilikuwa nimeunakili pia, na kumi na nne zake.

Nikasimama kando ya jeneza nikausoma, neno kwa neno, sikuruka.

Nilitegemea watu wagune. Nilitaka kwa mara moja tu yeye ndiye asimamishwe mbele ya darasa. Kumbe! Mama mmoja akapiga kigelegele, kigelegele msibani! Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyo ndiye mwalimu!" Watu wakapiga makofi. Mchungaji akafunga karatasi za mahubiri yake, akahubiri ule mstari wangu. Akasema Abrahamu alimpandisha mwanawe mlimani, na mwalimu huyu naye hakumzuia wa kwake. Wakaitikia amina. Mimi niliyekuwa kwenye zile kuni nikabaki nimeshika karatasi.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi, mwenzangu wa dawati. Alikuwa ameweka mikono mapajani, anatazama jeneza.

Tuliporudi kutoka makaburini alinifuata nilipokuwa nanawa mikono.

"Dada."

"Abee."

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Yeye ndiye aliyekuambia usome?"

Ningeweza kumdanganya. "Hapana. Aliukata. Alinikataza."

Akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira, na ningefurahi angekuwa nayo. "Kila mwaka, darasa la saba wakikaribia mtihani, nawasimulia habari yangu," akasema. "Nawaambia mimi sikuwa na viatu, na nikawa wa kwanza. Wasio na viatu wananitazama." Akakunja kanga yake mara mbili. "Mwaka huu sijui niwaambie nini."

Radhi sikumwomba; nikammiminia maji anawe. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata nikichapwa zile nne. Aliaga, akapanda gari la jioni ile ile.

Mchele wake tuliula mpaka tukaanua matanga.